Mjakazi wa Nyuma ya Jiwe la Kusagia

Watoto wa mtaa walimwita Mama Unga. Walipotaka kumchokoza walimwita Mzimu wa Mchana, kwa sababu alitoka kazini saa kumi akiwa mweupe kuanzia nyusi mpaka kucha, na ni macho mawili tu yaliyoonyesha kwamba ndani mna mtu. Yeye hakukasirika. Alisimama, akajipiga kofi begani, vumbi likaruka, akawaambia, "Mzimu unawasalimu. Nendeni mkaoge, maana kati yangu na nyinyi sijui nani ananuka kaburi." Wakakimbia wakicheka.

Nilifanya naye kazi miaka tisa. Yeye alikaa nyuma ya mashine, mimi mbele, kwenye mizani na sindano ya kushonea magunia. Mashine yetu ilikuwa ya zamani, ile ya mawe mawili, la juu likizunguka juu ya la chini. Kila Jumamosi ya pili alilifunua jiwe la juu, akakaa kitako sakafuni na nyundo na tindo, akaichonga upya mifereji iliyolika. Hakuna mwingine aliyeijua kazi hiyo. Aliisikiliza mashine kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Tukiwa katikati ya soga alinyanyua kidole na kusema, "Jiwe lina kiu," na kweli ungekuta mahindi yamekwisha mdomoni mwa mashine. Au alisema, "Limemeza kitu," akazima, tukatafuta, tukakuta msumari.

Alifika pale baada ya kufiwa na mume, mtoto wa tatu akiwa bado mgongoni. Alipewa ufagio. Mwaka haukuisha akawa anamwonyesha fundi wa kiume alikokosea, na fundi akaacha kazi akisema yeye hafundishwi na mwenye kanga. Shule aliishia darasa la nne, kama mimi. Watoto wake aliwalea kwa jiwe lile. Lakini aliyemtaja kila siku ni kifungua mimba wake, binti aliyekuwa mpishi katika shule ya watoto wadogo ng'ambo ya daraja. Alimsema kama watu wanavyoisema nyumba waliyoijenga wenyewe.

"Wangu yule anapikia watoto mia mbili," alikuwa akisema. "Na hampi mtoto uji kabla hajauonja yeye. Hata siku moja."

Nasema mapema ili nisionekane nimeficha: yaliyotokea niliyaona yote, na mengine niliyafanya kwa mikono yangu.

Mwaka ule mahindi yaliadimika. Mwenye mashine, ambaye tulimwita Tajiri ingawa viatu vyake vilikuwa vimebadilishwa soli mara tatu, alikuja siku moja na magunia kumi na moja. Mama Unga akatoboa gunia, akakinga kiganja. Punje zilizomwagika zilikuwa za rangi ya waridi, kama fizi za mtoto mchanga.

"Tajiri, hizi ni mbegu za kupanda. Zimetiwa dawa."

"Dawa iko kwenye rangi," akasema. "Osheni. Rangi ikitoka, dawa imetoka. Kwani nyinyi mkifua nguo, doa likitoka mnaendelea kusema ni chafu?"

Tungemwambia nini? Ndivyo tulivyolelewa: kitu kikioshwa kikatakata, hakinuki, ulimi hauwashi, kimekuwa safi. Tulijaza mapipa, tukatia jivu, tukaosha. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili kama sharubati, ya tatu meupe. Mama Unga akachukua punje akaitafuna, akaitema mkononi, akaichungulia.

"Mahindi," akasema.

Tukayaanika juu ya paa kwenye turubai. Yale maji tuliyamwaga mfereji wa nyuma, na kuku wa jirani huwa wanakunywa pale. Wiki haikuisha wakafa sita. Tukasema ni kideri. Msimu ule kuku hufa kwa kideri, na kila mtu alikubali, hata mwenye kuku.

Tulisaga magunia manne kwanza, yakauzwa mtaani kwa kibaba. Mimi sikupeleka nyumbani unga ule. Nilijiambia kwamba bado tuna wa zamani. Mpaka leo najiuliza kama ilikuwa bahati, au kama mkono wangu ulijua jambo ambalo kichwa hakikutaka kuambiwa. Ninao watoto wanne, na mkubwa ana miaka kumi na sita, anakula kama moto. Lakini unga ule sikumpikia.

Miezi miwili ikapita. Jumanne moja Tajiri akaja anasugua mikono: shule ya ng'ambo ya daraja imeishiwa unga wa uji. Yale magunia saba yaliyobaki tuyasage, Jumatatu gari litayapeleka. Jumatano tukasaga. Mama Unga alifurahi. "Mwanangu atapika nilichokisaga," akasema. Alikuwa hajawahi kupata hilo.

Kesho yake ikawa Alhamisi, na Alhamisi alasiri wanawake tulikusanyika sebuleni kwa mwalimu mstaafu, bibi mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, kusoma Maandiko. Kanuni yake ilikuwa moja: kila mtu anasoma aya tano, hakuna kuruka, ujue kusoma usijue. Tulikuwa katika kile kitabu cha kutoka Misri. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumecheka sana kwa habari ya vyura walioingia mpaka kwenye vyombo vya kukandia.

"Chura kwenye beseni la unga!" akasema mwuza mkaa, mama mnene aliyependa utani. "Mama Unga, ungefanyaje wewe?"

"Ningemsaga."

"Halafu umuuze?"

"Kibaba kwa kibaba, na wewe ungekuwa wa kwanza kwenye foleni."

Alhamisi hiyo hatukufika kwenye kucheka. Tulikuwa kwenye pigo la mwisho, na zamu ikamwangukia Mama Unga. Alisoma kwa kidole, neno moja moja, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Akasoma kwamba usiku Mungu atapita katikati ya Misri, na wazaliwa wa kwanza watakufa wote, tangu wa mfalme anayekaa kwenye kiti chake, mpaka wa mjakazi aliyeko nyuma ya jiwe la kusagia.

Kidole kikasimama.

"Endelea," akasema mwalimu.

"Nyuma ya jiwe la kusagia," akarudia Mama Unga.

"Ndiyo. Endelea."

"Mwalimu, huyu mjakazi kosa lake nini? Si yeye aliyewatesa watu. Si yeye aliyewatupa watoto mtoni. Yeye alisaga tu."

Mwalimu akavua miwani. "Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Mungu alikuwa anahukumu nchi nzima."

"Panya haambiwi kuna mtego. Je, huyu aliambiwa?"

"Dada, soma, uji wangu uko motoni," akasema mwuza mkaa, na wawili watatu wakacheka. Mama Unga hakucheka. Alimaliza aya zake, lakini sauti ilikuwa imeshuka mpaka tukawa tunainama ili tumsikie. Niliona anajifuta viganja kwenye kanga, anavitazama, anavifuta tena. Havikuwa na kitu.

Ijumaa asubuhi akaja fundi plasta, mwanamume wa makamo aliyekuwa akiishi chumba cha nyuma ya mashine yetu. Alikuwa mteja wetu wa unga tangu zamani, mtu wa mikono myepesi, ukuta akiupiga yeye unaweza kujitazama humo kama kwenye kioo. Alikuja akipepesuka, na miguu akiitupa pembeni. Mama Unga akamtania kama kawaida.

"Fundi, saa mbili asubuhi umeshalewa?"

"Mama, wallahi sijanywa. Sakafu inakwenda. Na vidole hivi," akavinyanyua, "nikishika mwiko siusikii. Mpaka nitazame ndipo najua nimeushika. Midomo nayo imekufa ganzi. Mke wangu anasema ni upepo mbaya, nimekanyaga kitu."

Akanunua kibaba. Nikampimia. Jamani, nilimpimia. Ule wa mwisho wa magunia yale manne.

Alipoondoka, Mama Unga alizima mashine. Masikio yangu yaliendelea kusikia jiwe likizunguka, na wakati lilikuwa limesimama.

"Mdogo wangu," akasema, "kuku walikuwa wangapi?"

"Sita. Walikufa kwa kideri, dada."

"Mama wa duka la nyuzi, ulisema ana nini?"

"Haoni pembeni. Anasema ni kama anachungulia ndani ya bomba."

"Anakula unga wa wapi?"

Alikuwa anakunja kidole kimoja kimoja. Kuku. Mwenye duka la nyuzi. Mtoto wa fundi viatu aliyeanza kuangusha daftari. Paka wetu mwenyewe wa mashine, aliyetukimbizia panya miaka mitano, ambaye wiki iliyopita alizunguka palepale mpaka akafa, tukasema ni uzee. Na fundi plasta. Alipofika kidole cha mwisho akaubakiza mkono ukiwa umefumbwa.

"Unajua nilikuwa namwonea huruma nani jana?" akasema. "Yule mjakazi. Nililala nikimlilia. Nikasema ameonewa. Lakini huyo mama aliona mto umegeuka damu. Aliona vyura. Aliona nzi, na majipu, na mvua ya mawe, na giza la siku tatu. Mara tisa, mdogo wangu. Na kila likipita pigo moja alirudi nyuma ya jiwe akaendelea kusaga. Alisema ni kideri."

"Dada, usiseme hivyo. Sisi ni vibarua."

"Na yeye alikuwa nini?"

Jumamosi haikuwa zamu ya kuchonga jiwe, lakini alilifunua, akakaa mbele yake bila kulichonga. Tajiri alipokuja akamkuta hivyo. Nilikuwa nyuma ya magunia na sindano yangu, sikutikisika.

"Tajiri, ule unga usiende shule."

"Kwa nini?"

"Maji yalitoa rangi tu. Dawa imebaki ndani. Watu wameanza kufa ganzi."

Tajiri hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa karibu naye kama mtu anayemliwaza mfiwa.

"Mama Unga. Nani aliyeosha?"

"Mimi."

"Nani aliyesaga?"

"Mimi."

"Mimi nimeshika nini? Nilileta mbegu. Na huko shuleni nani atakayepika? Mtoto akiugua, polisi wakija, wa kwanza kuulizwa ni mpishi. Wa pili ni aliyesaga. Mama na binti, chumba kimoja. Ukinyamaza, watoto watakula siku chache, unga utaisha, nani atajua? Watu huugua kila siku."

"La kuvunda halina ubani, Tajiri."

"Basi livundie ndani," akasema, akaondoka.

Mama Unga akanigeukia. Sikuwahi kumwona akilia, na siku ile pia hakulia. Unga ulikuwa umekauka usoni kama plasta.

"Mwanangu ataonja," akasema. "Kabla ya mtoto yeyote. Yeye ndiye wa kwanza kuonja."

Nilimwambia ampigie simu binti yake amwambie asionje. Akasema akimwambia asionje, lazima amwambie ni kwa nini, na akijua atakuwa na dhambi ya kuwapikia watoto mia mbili kitu anachokijua. Au atakataa kupika, ataulizwa, na yote yatamwangukia yeye. Nikamwambia basi tuombe. Akanitazama.

"Wale waliookoka waliambiwa mapema, wakapaka damu ya kondoo milangoni kabla ya usiku wa manane, kifo kikawaruka. Hawakukaa wanaomba tu. Mimi nimeshaambiwa. Kitu gani kingine nasubiri?"

Hata hivyo Jumapili ikapita, na sikusikia lolote. Nikadhani ameamua kunyamaza. Nakiri kwamba nilishukuru.

Jumatatu asubuhi gari lilikuja. Kazi yangu ilikuwa kwenda na mzigo na kusainiwa karatasi ya kupokelewa. Nilikaa nyuma juu ya magunia saba niliyoyashona mwenyewe, na njia nzima nilijiambia kwamba mimi ni wa karatasi tu. Tulipofika, watoto walikuwa kwenye mstari uwanjani, wanaimba, vikombe vya plastiki mikononi.

Jiko la shule lilikuwa chumba kirefu chenye masufuria mawili makubwa kama mapipa. Binti yake Mama Unga alinipokea kwa bashasha. "Shikamoo, mama mdogo! Leo nimeletewa unga wa kwetu." Maji yalikuwa yanatokota. Akachana gunia la kwanza, akakoroga kwenye beseni, akamimina. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia. Mimi nilisimama mlangoni na karatasi yangu. Nilifumbua mdomo. Mungu anajua kwamba niliufumbua. Uji ukaanza kupiga mapovu, akachota kwenye kijiko, akaupuliza.

Mama Unga aliingia kwa mlango wa nyuma. Sikumtambua. Miaka tisa nilikuwa sijamwona Jumatatu asubuhi bila unga. Alikuwa mweusi, mdogo, mwenye makovu ya moto mikononi ambayo sikuwahi kuyatazama vizuri. Alikipiga kile kijiko kwa kiganja kikaruka mpaka ukutani.

"Mama! Uji wa moto huo! Umepatwa na nini?"

"Umeonja?"

"Ningeonjaje? Umenipiga!"

"Hata kidogo? Ulimini?"

"Mama, watu wanatutazama."

Mkuu wa shule alikuwa amesikia kelele, akaja, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Mama Unga akageuka akamkabili yeye, na si binti yake.

"Huo unga una sumu. Ni wa mbegu zilizotiwa dawa. Nimeuosha mimi, nimeusaga mimi. Mpishi wako hajui neno. Mmwage wote, na msiwape hata kuku. Halafu niitieni polisi, nitakaa hapa."

Akakaa kwenye kigoda cha kumenyea viazi. Binti yake alimtazama muda mrefu. Alichosema sikukitegemea. Alisema, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Leo Jumatatu, mama."

"Ndiyo, mwanangu."

Binti akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya gunia, akatoka nje kwenda kuwaambia watoto kwamba leo hakuna uji.

Fundi plasta alifariki baada ya miezi miwili. Mwisho hakujua tena mkewe ni nani. Mwenye duka la nyuzi yupo, anaongozwa na mjukuu. Kesi ilipoanza, wakili wa Tajiri alisema mteja wake alileta mbegu kwa ajili ya kupanda, na kwamba fundi wake mwenyewe wa mashine alizisaga bila ruhusa. Kesi ya Tajiri ikatenganishwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Ya Mama Unga haikuhitaji kuahirishwa, kwa sababu alikubali kila kitu. Mwalimu mstaafu alikuja siku ya hukumu, na mwuza mkaa, na binti yake, aliyekaa benchi la mbele akitazama ukuta. Mimi nilikaa la tatu.

Hakimu alikuwa mtu mpole, anayeandika kila neno kwa mkono. "Ulisema mliosha mara tatu," akasoma. "Kuna mtu aliyekusaidia kuosha?"

Mama Unga hakunitazama. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kutazamwa, usiku na mchana, kwa miezi minne. Nilikuwa na maneno yangu. Lakini hakugeuza hata shingo.

"Hapana, mheshimiwa. Nilikuwa peke yangu."

"Magunia kumi na moja, peke yako?"

"Nina mikono mikubwa."

Watu wakacheka. Hata hakimu alitabasamu, akaandika. Nilisikia jiwe likizunguka. Ni kweli, palepale mahakamani, nililisikia kichwani, jiwe la juu juu ya la chini, na halikuwa na mahindi ndani yake. Nikafikiri: sasa, simama useme. Nikafikiri kuhusu mwanangu mkubwa, kwamba yuko shuleni saa hii, anatembea sawasawa. Nikafikiri kwamba mlango wangu haukuwekwa alama yoyote na bado tumerukwa. Nikajiuliza ni nani aliyeturuka, na kama atarudi njia hiyohiyo.

Hakimu akasoma: miaka mitatu. Binti yake akainamisha kichwa. Mama Unga akasema ahsante, kama mtu aliyepokea chenji yake.

"Simameni," akasema askari.

Nikasimama. Nilisimama pamoja na wengine wote, kwa sababu hakimu alikuwa anatoka.